Binti akikifikia kipimo, mpeni bunduki aende mstari wa mbele

Naanza na msimamo wangu kabisa ili tusizungushane. Mwanamke anayetaka kupigana vita, akapimwa kipimo kilekile anachopimwa mwanaume na akakifikia, apewe bunduki aende. Na siongelei ukarani wa jeshi, siongelei unesi wala jikoni, huko wapo miaka yote na hakuna anayelalamika. Naongelea askari wa miguu, vifaru, mizinga, komando, yaani kule ambako kazi yenyewe ni kuua au kuuawa.

Limekuja hili kwa sababu ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Kamaliza form six, kaenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria pale kambi ya Maramba, karudi nyumbani Makorora hapa Tanga mwembamba kama fito na kichwa kimenyolewa, na kitu cha kwanza alichotuambia ni kwamba anataka kurudi JKT kwa kujitolea halafu apambane aingie JWTZ, jeshi lenyewe la nchi, na akiingia anataka infantri, yaani askari wa miguu. Akataja hivohivo, infantri. Mama yake akalia. Tangu siku hiyo nyumba imegawanyika, na kila anayepita kusalimia anaulizwa yuko upande gani.

Kwa hiyo na mimi nasema upande wangu, tena kwa kirefu, mana nikiongea mdomoni nakatizwa.

Mpinzani mkubwa ni mjomba, na mjomba si mtu wa kumpuuza kwa sababu yeye kapigana kweli, vita vya Kagera, kavuka mpaka wa Uganda kwa miguu yake. Wengine wote wanabisha kwa kusikia ila yeye anabisha kwa kuona. Nilimkuta barazani na kahawa yake nikamwamkia shikamoo mjomba, akaitikia marahaba mama, kaa hapa, najua umetumwa. Akanambia hivi: mwanaume akimuona mwanaume mwenzie kapigwa anaendelea na kazi, lakini akimuona mwanamke kapigwa akili inaruka, ataacha lindo lake akamuokoe, na hapo mmekufa wote. Akanambia mwanamke kazi yake kuzaa jeshi, si kuingia jeshi.

Sasa huyuhuyu mjomba ndiye aliyetusimulia tangu tuko wadogo habari za Lukaya, Machi 1979. Brigedi ya 201 ya jeshi letu wengi wao walikuwa mgambo, watu waliotolewa mashambani na makazini wakapewa mafunzo ya harakaharaka, na usiku ule wakakutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Walibya wakafyatua yale makombora ya Katyusha. Mengi yalipita juu yakaangukia mbali, lakini ule mlio na ule moto hakuna aliyewahi kuuona, wakavunja mistari wakakimbia. Usiku huohuo makamanda wakawakusanya tena, asubuhi brigedi ya 208 iliyokuwa imezunguka ikapiga kwa pembeni, hawa wa 201 wakarudi kwa mbele, na wale Walibya wakasambaratika. Baada ya hapo njia ya Kampala ikafunguka, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Nikamuuliza mjomba, kwa heshima zote, wale waliokimbia usiku walikuwa wanawake? Akanyamaza kidogo akasema walikuwa vijana wasio na uzoefu. Ndio hapo hapo ninapotaka tusimame. Kilichowakimbiza ni kukosa mafunzo na kilichowarudisha ni uongozi. Na huko kuruka akili mwenzio akipigwa, mjomba mwenyewe ana rafiki yake aliyembeba mgongoni risasi zikipita kwa sababu alikataa kumuacha, na hadithi ile anaisimulia kwa fahari miaka yote. Kumbe askari anaruka akili kwa sababu ya mapenzi ya wenzie, sio kwa sababu ya sketi. Dawa yake ni mazoezi, ufanye kitu mara mia mpaka mwili ukifanye wenyewe hata moyo ukiwa umepasuka.

Halafu hili la kusema vita si mahali pa mwanamke, sisi wa Tanga ndio tungekuwa wa mwisho kulisema. Vita kuu ya kwanza imepigwa hapahapa. Novemba 1914 Waingereza walishusha maelfu ya askari kutoka India huku Raskazone, wakaingia mjini mpaka karibu na reli, wakapigwa na jeshi dogo la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, na hadithi ya nyuki waliowavamia kila mtoto wa Tanga kaisikia. Sawa. Lakini nani anasimulia wake za askari? Wale askari weusi wa Mjerumani walitembea na familia. Vita ilidumu miaka minne, wakaanzia huku wakashuka kusini mpaka Msumbiji wakapanda tena mpaka kule Zambia ya leo, na wanawake wako nyuma ya msafara muda wote, wanabeba vyungu, mikeka na watoto, wanatafuta kuni na maji kwenye nchi iliyokwisha kuliwa na majeshi mawili, wengine wanajifungua njiani na safari inaendelea. Jeshi lile liliposalimu amri Abercorn, hukohuko Zambia ya leo, mwezi Novemba 1918, mamia ya wanawake walikuwa bado wamo. Hawana cheo, hawana mshahara, hawana bunduki. Risasi ikija haichagui.

Kwa hiyo mtu akinambia anataka kumlinda mwanamke na vita, mimi namuuliza ni vita gani hiyo ambayo mwanamke hakuwemo? Tunachokataa sisi ni awemo akiwa na silaha. Basi.

Na hili linanipeleka kwenye hoja ya mama mdogo, ambayo ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu ni mama anaongea. Anasema akitekwa je? Wote tunajua anamaanisha nini. Sina jibu la kumtuliza mama. Ila naangalia Kongo mashariki, jirani zetu hapo, ambako wanajeshi wetu wamekaa miaka na miaka. Daktari Denis Mukwege alipewa Nobel ya amani 2018 kwa kuwatibu wanawake waliobakwa vitani, na hospitali yake ya Panzi kule Bukavu imetibu maelfu kwa maelfu. Wale walitekwa wapi? Shambani, kisimani, kitandani kwao. Hawakufuatwa kwa sababu walikuwa askari. Kutokuwa na bunduki hakukuwakinga na kitu. Na katika kuwasaidia, askari wa kike wa kulinda amani ndio wanaoweza kukaa na mama wa kijijini akafunguka, kwa sababu mama aliyefanyiwa vile na wanaume wenye magwanda hawezi kwenda kuongea na mwanaume mwingine mwenye gwanda.

Haya twende kwenye mwili, maana hapo watu wanadhani nitakwepa. Sikwepi. Wastani wa mwanaume una nguvu za juu kuliko wastani wa mwanamke, mabega, mikono, mifupa, hata mapafu. Mwaka 2015 kikosi cha Marine cha Marekani kilifanya jaribio kubwa, wakaweka vikosi vya wanaume watupu na vikosi vya mchanganyiko, na katika kazi 134 wale wa wanaume watupu walifanya vizuri zaidi kwenye 93. Wanawake waliumia zaidi pia. Wapinzani wanalitumia hili kama rungu. Lakini mwaka huohuo wanawake 19 walianza kozi ya Ranger, moja ya kozi ngumu kabisa za jeshi la Marekani, na Kristen Griest na Shaye Haver wakamaliza mwezi wa nane, wa tatu akamaliza baadaye. Watatu kati ya 19! Wachache? Ndio wachache, na wanaume wengi tu wanashindwa kozi ileile. Mimi sisemi nusu ya kombania iwe wanawake. Nasema hao watatu usiwafungie mlango kwa sababu ya wale 16. Wastani haubebi begi, anayebeba ni mtu. Desemba mwaka huo Marekani wakafungua kazi zote za mapigano, Uingereza wakamalizia kufungua zao 2018, na Norwei walishaanza kuwaita wasichana jeshini kwa lazima sawa na wavulana.

Na nisieleweke vibaya, kipimo kisishushwe hata kidogo. Kama kazi inataka ubebe kilo arobaini utembee usiku kucha halafu ufike unaweza kupiga, basi iwe kilo arobaini kwa kila mtu. Ukimshushia msichana kipimo umemdhulumu yeye kwanza, kwa sababu wenzie hawatamuamini, na ukimpeleka hajaiva umemuua. Nikiona chama chochote cha wanawake kinaomba viwango vipunguzwe nitakuwa wa kwanza kupinga.

Mimi pia nimepita mujibu, hukohuko Maramba, miaka kadhaa kabla ya huyu mdogo wangu, kwa hiyo naongea kitu ninachokijua japo kwa kiwango cha kuruta. Kwenye kombania yetu kulikuwa na binti wa Lushoto, mfupi, mwili wa kawaida kabisa, haongei. Kwenye mchakamchaka hakuwa wa mbele wala wa nyuma. Lakini kuchimba handaki yule binti alikuwa mtu mwingine, anashika sururu chini kabisa ya mpini, hapigi kwa hasira, anapiga taratibu na hapumziki, wavulana wameanza kwa mbwembwe baada ya saa moja wameshika viuno, yeye bado yuko kwenye mwendo uleule na udongo mwekundu umemjaa mpaka kwenye kope. Siku ya shabaha ndio akatumaliza. Analala chini, anavuta pumzi, anaitoa nusu, anatulia, unaona bega halitingishiki kabisa. Afande akaenda kuangalia karatasi akarudi hajasema kitu, akamwambia rudia. Akarudia. Vilevile. Kwao walikuwa wanalima viazi kwenye miteremko, amebeba mizigo tangu ana miaka saba, hakuna aliyewahi kumwambia kuwa hiyo ni nguvu. Sijui kama alikuja kuingia jeshi.

Kuna suala la dini, na Tanga huwezi kuongea kitu ukaliruka. Ustadhi mmoja hapa mtaani kanambia jihadi ya mwanamke ni hija, na hadithi hiyo ipo, ni sahihi, Bi Aisha, mke wa Mtume, aliuliza akajibiwa hivyo. Sipingi, na wanazuoni wamesema si faradhi kwa mwanamke kwenda vitani. Lakini kutokuwa faradhi si sawa na kuwa haramu. Nusayba binti Kaab siku ya vita vya Uhud alikwenda kuwapa watu maji, mambo yalipoharibika watu wakakimbia yeye akachukua upanga akasimama mbele ya Mtume kumkinga, akatoka na majeraha kila mahali, na Mtume akamsifu. Baadaye kwenye vita vya Yamama alipoteza mkono. Hakuambiwa rudi jikoni. Ustadhi alinijibu kuwa ile ilikuwa dharura, na mimi nikamwambia ustadhi, vita gani isiyo dharura?

Na kuhusu uongozi sitaki kuongea sana, mana jibu liko wazi. Tangu tarehe 19 Machi 2021 Amiri Jeshi Mkuu wa nchi hii ni mwanamke. Mwaka huohuo Stergomena Tax akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri wa ulinzi. Mwanamke anaweza kusaini watoto wa watu waende vitani ila mwanamke mwingine asiruhusiwe kwenda? Hebu niambieni hiyo inakaaje.

Sasa niseme ninachokiogopa mimi, na si risasi. Naogopa baada ya vita. Angalieni Eritrea, walipigana miaka 30 kupata uhuru wao, na karibu theluthi moja ya wapiganaji wa EPLF, jeshi lao la ukombozi, walikuwa wanawake, kwenye mahandaki kabisa, bega kwa bega. Vita ilipokwisha wengi walirudi makwao wakakuta hakuna anayewataka. Waume waliooana nao msituni waliwaacha wakaoa wasichana waliokaa nyumbani, wakwe wakasema huyu hajui kupika, huyu kazoea kukaa na wanaume, huyu ana makovu. Mtu kapigania nchi ujana wake wote anarudi anaonekana ameharibika. Sisi hapa Nachingwea tuliwahi kufundisha wasichana wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, Josina Machel alikuwamo kwenye kundi la kwanza la wasichana 25 mwaka 1967, na wao pia walipata shida na wanaume wa upande wao wenyewe kabla hata ya Mreno, wanaambiwa bunduki si yenu. Josina alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25 tu, na Msumbiji tarehe hiyo ndiyo siku ya wanawake mpaka leo. Yeye kaheshimiwa. Wale wengine 24 na waliowafuata ni wangapi tunawajua kwa majina?

Mjomba aliporudi kutoka Uganda alichinjiwa mbuzi na ndani ya mwaka kaoa, na mguu wake unaochechemea mpaka leo ni heshima mtaani, watoto wanaacha nafasi apite. Nilimuuliza, mdogo wangu akirudi na mguu kama wako, nani ataposa? Hapo ndipo kwa mara ya kwanza hakunibishia. Akasema hilo la watu wa mtaani haliwezi kumzuia mtoto kama mtoto mwenyewe ameamua, ila bado yeye hajakubali, na ataendelea kumwambia hivyo mpaka siku anaondoka. Ni haki yake.

Mama mdogo naye bado. Ila jana kamwachia binti aende kukimbia Raskazone alfajiri bila kumuuliza anaenda wapi, na nafasi za kujitolea zikitangazwa maombi yanapitia wilayani, hiyo foleni nitakwenda kuipanga naye mimi mwenyewe.