Aliyevuka aliomba, na aliyebaki majini pia aliomba

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii nimechelewa, mnisamehe, toka Jumapili kuna kitu kinanisumbua.

Kaka mmoja alisimama kutoa ushuhuda, basi lao lilipinduka yeye akatoka bila ata mkwaruzo, akasema ni kwa sababu asubuhi ile alikuwa amefunga na kuomba. Kanisa zima aleluya, na mimi nikapiga makofi. Alafu nikageuka nikamwona mama mmoja benchi la nyuma, mwanae alifia barabarani mwaka jana, na huyo mama najua anavyoomba, alfajiri yuko magotini. Alikuwa anakunja leso yake, anaikunjua, anaikunja tena.

Sasa mimi napenda sana kusoma habari za vita ya pili ya dunia (mke wangu anasema ni ugonjwa), basi jioni ile mawazo yakanipeleka Normandy, Ufaransa, Juni 6, 1944, kwa wanajeshi wa Kanada. Kama 14,000 hivi waliteremka siku ile kwenye ufukwe uliopewa jina la Juno, kuikomboa Ufaransa mikononi mwa Wajerumani, vijana wengi wao, tena wamejiandikisha kwa hiari. Bahari imechafuka, watu wanatapika njia nzima, chini ya maji kuna vizuizi vya chuma vimefungwa mabomu, na mlango wa boti ukishuka tu ni maji na rashasha za Wajerumani. Mnadhani kuna boti pale ambayo haikuwa na mtu anaomba? 340 walikufa siku ile ile, wengine ata mchanga hawajaukanyaga. Huyu kaomba kavuka, mwenzake waliyebanana naye bega kwa bega kaomba kabaki majini. Haya, nani alifunga vibaya?

Yesu aliligusa hili kwenye Luka 13. Mnara wa Siloamu uliua watu 18, akawauliza wasikilizaji wake, mnafikiri hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, hapana. Na neno la kutubu akawapa waliokuwa wamesimama pale wanamsikiliza, yani wazima! Mimi hapo huwa napapita haraka haraka.

Siku hiyo ya Juno kulikuwa na padri, Myles Hickey, aliteremka Saint-Aubin, kwenye ufukwe huo huo, na kikosi cha North Shore cha watu wa New Brunswick, jimbo la Kanada. Bunduki hana. Wengine wanakimbilia ukuta wa bahari wajifiche, maana pale ndo kulikuwa na nafuu kidogo, yeye yuko mchangani kweupe anatoka kwa majeruhi huyu anaenda kwa yule, anawaombea wanaokata roho, risasi zinapita. Baadaye walimpa nishani ya ushujaa, Military Cross. Simwoni kabisa akiinama kwa kijana anavuja damu amuulize, mwanangu, asubuhi uliomba?

Jumatano nikapita kwa yule mama na kilo ya sukari. Nilikuwa na Biblia begani, nimeweka na alama kabisa pale Luka. Akatoa viti nje, akaweka chai, akaanza mwenyewe kusimulia mwanae alivyokuwa mbishi kwenye mambo ya mpira, mpaka anaamsha jirani usiku wabishane. Tukacheka. Nikanywa vikombe vitatu, begi sikulifungua.