Feni Imefungwa Dairekti

Sina ugomvi na gari bovu. Ugomvi wangu ni na gari lililowahi kutengenezwa.

Subaru yangu ni Impreza WRX ya 2002, ile ya tabo, yenye tundu la hewa juu ya boneti. Kuharibika kwake nakuelewa. Imetumika Japani, ikapanda meli, ikaja kuishi kwenye joto na chumvi ya pwani. Mipira inakauka, plastiki zinavunjika ukizigusa tu, bolti za ekzosi zinakatika hata hujatia nguvu. Huo ni umri, na umri hauna mkosaji. Lakini wiki hii nzima sijashika kitu hata kimoja kilichokufa kwa uzee. Nimekuwa nikifumua kazi za watu.

Nilianza na feni za rejeta, zile zinazopoza maji ya injini. Ukifungua swichi tu, injini haijawaka bado, feni zote mbili zinaanza kunguruma. Mwenye gari la zamani hapa Dar hahitaji kuambiwa: feni imefungwa dairekti. Kiwandani mpango ulikuwa kompyuta isubiri maji yapate moto ndipo rilei iziwashe. Humu mtu alikata waya, akauunga na wa swichi kwa kuusokota kwa vidole, akazungushia selotepu nyeusi, akaenda zake. Nilipoivuta ile selotepu ikaja na gamba la waya, limeyeyuka. Fyuzi hakuna. Yaani kati yangu na gari kuwaka moto pale Buguruni kulikuwa na selotepu.

Sasa, fundi hafungi feni dairekti kwa kujifurahisha. Gari lilikuwa linachemsha. Nikaingia chini kutafuta sababu.

Kwenye injini hizi themostati, yaani kile kivalvu kinachozuia maji mpaka yapate moto, imejificha chini, kwenye pampu ya maji, pale mpira wa chini wa rejeta unapoingilia. Unatoa ngao, unakinga ndoo, unalegeza klipu, na maji yanakutiririkia mpaka kwapani. Hayakuwa kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Yalikuwa maji ya kisima, tena cha huku kwetu Tabata, ambayo hata kufulia unayafikiria mara mbili. Rangi ya kutu, na kidole kikikauka kinabaki na unga mweupe. Injini yenyewe aluminiamu! Nikafungua kifuniko: patupu. Themostati haipo. Mahali pa mpira wake pamepakwa silikoni nyekundu kama siagi kwenye mkate, na kipande kimemeguka kikaingia ndani kusikojulikana. Bolti za kifuniko ni mbili. Moja ndiyo yake. Nyingine imetoka kwenye gari jingine kabisa, ikalazimishwa mpaka meno yakaisha.

"Dar joto hivi, themostati ya nini?" Nimeisikia gereji nyingi, na inasemwa kwa kujiamini kweli. Themostati halisi ya Subaru huanza kufunguka kwenye nyuzi joto 78. Kuitoa hakumalizi tatizo, kunalihamisha. Ukiwa barabara ya Bagamoyo umeshapita Bunju, upepo wa kutosha, joto la maji linashuka chini ya 70. Kompyuta inaamini injini bado ya baridi, inaongeza petroli, nawe unaanza kulalamika gari linakula mafuta. Ukirudi mjini ukanasa kwenye foleni, rejeta iliyozibwa nusu na chumvi na vipande vya silikoni inashindwa, gari linachemsha tena. Ndipo anaitwa fundi umeme, anazifunga feni dairekti. Ugonjwa mmoja, dawa mbili, na kila dawa imeleta ugonjwa wake.

Wala siwabebeshi mafundi peke yao. Mteja anakuja saa kumi jioni, anataka gari leo leo, mfukoni ana elfu kumi, na ukimwambia spea ni bei gani anakuona mwizi. Fundi anachotibu pale ni mfuko. Gari linaondoka, kila mtu anafurahi, na bili inamsubiri atakayelinunua baadaye.

Jumamosi nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea, kutafuta themostati. Kule orijino inaitwa OG.

"Kaka, unataka OG au ya kawaida?"

"OG."

"OG ya Japani au OG ya Dubai?"

Nikamwambia nionyeshe zote. Akatoa boksi mbili, akashusha sauti, "Hii ni OG. Ila hii, kaka, ndiyo OG OG." Tofauti ilionekana hata bila boksi. Yenyewe ni pana na nzito, na nyingi za bei rahisi huwa ndogo kuliko ile ya kiwandani. Nikachukua OG OG, na bado nikaichemsha kwenye sufuria nyumbani na kipimajoto pembeni. Mama mwenye nyumba akapita, nikamwamkia, akachungulia jikoni. "Marahaba, baba. Leo unapika chuma?" Ilifunguka ilipopaswa.

Kufunga ni rahisi. Kazi ni kutoa hewa. Unainua pua ya gari, unajaza taratibu kwenye kile kitanki cha juu karibu na tabo, unaminyaminya mipira, unasubiri mapovu. Ukifanya haraka, hewa inabaki kwenye silinda hedi na geji ya dashibodi inakudanganya imetulia katikati.

Kuna watu wananiuliza kwa nini nisiuze nikachukua Toyota IST. Kosa ni la Safari Rally. Impreza iliishinda kule Kenya 1997 ikiendeshwa na McRae, na 2000 na Burns, na sisi tuliokuwa watoto tukaamini gari lile halifi. Hatukuwahesabu mafundi waliokuwa wakilisubiri kwenye kila kituo na maboksi ya spea mpya. Mimi nina tochi ya simu na umeme ukikatika ndiyo basi.

Leo feni zimerudi kwenye rilei, na fyuzi ipo. Nimeenda mpaka Segerea na kurudi na mashine ya kupimia imechomekwa: joto halikutikisika sana, feni zikawaka na kuzima zenyewe. Nilitaka kushangilia. Ila nilipokuwa nafuta kava la mkanda wa taiming nikakuta stika ya Kijapani chini ya vumbi. Namba ni namba: mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 103,000. Dashibodi yangu inasoma 91,000 na ushee.

Maana yake mtu aliirudisha nyuma, na mkanda huu umetembea kiasi gani hakuna wa kuniambia. Kiwanda kinataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na ukikatika kwenye injini hii valvu zinagongana na pistoni. Gari halitoki uani mpaka nipate mkanda mpya, roli zake zote, na pampu ya maji. Ile ya sasa imekunywa maji ya kisima, siiamini.