Nilivyoweza kuongoza Damu Imebubujika nikijipigia kinanda

Kwenye kwaya yetu nilikuwa wa kuitikia tu, sauti ya pili, mpaka niliposikia rekodi za kwanza za Aretha Franklin, mwimbaji wa Marekani. Ni za mwaka 1956, nyingi zilinaswa kanisani kwa baba yake, New Bethel Baptist, Detroit. Alikuwa na miaka 14. Mojawapo ni huu wimbo wetu wa Tenzi za Rohoni, Damu Imebubujika. Sisi huuimba kwa mwendo, ubeti kwa ubeti. Yeye neno moja analishika, analipandisha, halitui mpaka atake mwenyewe, huku waumini wanamjibu. Nilisisimka mwili mzima.

Nikaanza kumfuatilia. Alizaliwa Memphis mwaka 1942. Wazazi wake walitengana akiwa mdogo, na mama yake, naye mwimbaji na mpiga piano, alifariki 1952 kabla binti hajatimiza miaka 10. Baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, alikuwa mhubiri ambaye mahubiri yake yaliuzwa kwenye santuri. Nyumbani kwao walifika waimbaji wa injili Mahalia Jackson na Clara Ward, na mwanamuziki wa injili James Cleveland ndiye aliyemwelekeza kwenye piano. Alipoletewa mwalimu wa kumfundisha kwa kitabu, alikuwa anajificha. Alipiga kwa kusikia, akijipigia mwenyewe huku anaimba.

Hapo ndipo nilipopata pa kuanzia. Kinanda cha kanisani kwetu hupigwa huku biti yake, yaani mdundo unaojipiga wenyewe, imewashwa, na biti haimsubiri mtu. Ukitaka kushika neno, inakupita. Jumamosi moja baada ya mazoezi nilimwuliza mwalimu wa kwaya, "Mwalimu, naomba nizime biti."

"Zima, tukusikie."

Karatasi ya solfa, ile ya noti za do-re-mi, nikaiweka pembeni. Kwanza niliusema ubeti polepole, kama mtu anayeomba, nikitafuta pumzi inakatika wapi. Kisha mkono wa kushoto peke yake, noti moja nzito ya besi, na sauti juu yake. Mkono wa kulia niliuacha ungoje: nikinyamaza, ndipo unajibu. Hili la kungoja ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, maana vidole vina haraka. Nikashusha pia ufunguo, kwa kuwa sauti yangu ni ya chini, na nilitaka nibakize nafasi ya kupanda kwenye ubeti wa mwisho.

Ijumaa Kuu nikaongoza. Kwenye ubeti wa pili akina mama wa mbele wakaanza kuitikia bila kuambiwa, mmoja akasema kwa nguvu, "Imba, mwanangu!" Nikashika neno moja mpaka walipomaliza wao. Kwaya ikaingia kwenye ubeti wa mwisho, sauti zote nne, bado bila biti.

Sasa Mwalimu ameniachia wimbo wa sadaka pia, na dada mmoja wa sauti ya kwanza tunafanya naye mazoezi ya mkono wa kushoto.