Siku moja maishani mwangu: Fundi, Mwalimu na bao la juu ya kabati

Saa 10:30 alfajiri

“Fundi, nyumba ina kete 15.”

Hilo ndilo neno la kwanza nililosikia Alhamisi ile, giza bado, simu ndiyo kwanza imelia. Mume wangu alikuwa ameshakaa ukingoni mwa kitanda akitafuta kandambili kwa miguu. Yeye ni mwalimu wa hisabati sekondari, na nyumbani namwita Mwalimu. Mimi nashona nguo Kariakoo, naye ananiita Fundi. Nyumba aliyoisema ni ya kwenye bao.

Juu ya kabati letu la nguo pana ubao, na mchezo tuliouacha usiku ulikuwa palepale umefunikwa kanga. Sisi hatumalizi bao siku moja. Tungengoja siku yenye nafasi tusingecheza kabisa: kazi mbili, watoto wawili, maji ya bahari kati ya kwetu Kigamboni na kazini kwangu. Kwa hiyo tunacheza nusu saa kila usiku, kisha tunauinua ubao wawili, mmoja huku mmoja kule, taratibu kama watu waliobeba sufuria ya uji wa moto, tunauweka ambako mtoto wa miaka minne hafiki. Mchezo mmoja huenda hata siku tatu.

Kwa asiyecheza: bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, nusu yako nusu ya mwenzako. Unaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Sita kati ya zile za ubaoni ziko kwenye shimo la mraba, ndiyo nyumba, na nyumba ni akiba yako. Kete yako ya mwisho ikiingia humo na mbele hakuna cha kula, una hiari: ubaki, au usafiri, yaani uchote zote uzisambaze. Usiku ule kete yangu ya mwisho iliingia nyumbani ikawa ya 15, na shimo la Mwalimu linalotazamana nayo lilikuwa tupu. Mkononi nimebakiwa na 8, yeye 9. Nikiwa bado nawaza, mtoto akalia. Tukafunika.

“Usinisemeshe bao sijaswali,” nikamjibu.

Saa 11:00 alfajiri

Saa hii haina maneno mengi. Mimi jikoni, chai ya tangawizi na viazi vitamu, yeye anajaza ndoo na kumwogesha mdogo. Binti yetu wa darasa la tatu anavaa mwenyewe, lakini nywele lazima nimshike mimi. Kitu kimoja tulikubaliana tangu mtoto wa kwanza: anayetoka mapema hapiki jioni. Mimi natoka mapema, shule anakofundisha Mwalimu ni mwendo wa dakika 15 kwa miguu. Kwa hiyo asubuhi jiko ni langu na jioni ni lake, isipokuwa Jumanne na Alhamisi anapocheza mpira na timu ya maveterani wa mtaani. Majirani walisema sana mwanzoni kuhusu mwanamume na mwiko. Sasa wengine wanamtuma mtoto aje aulize samaki wa nazi anawekwa ndimu lini.

Kabla sijatoka nilipanda kigoda, nikafunua kanga, nikapiga picha ubao kwa simu.

Saa 12:15 asubuhi

Pantoni. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, wapo majirani wanaozungukia huko kwa daladala. Mimi sijaacha maji. Unasimama kwenye banda la kusubiria, umebanwa, mwenye baiskeli ya madafu huyu, mwanafunzi na begi lake huyu, geti linafunguliwa na watu wote wanatembea kwa haraka kama maji yaliyopata mfereji. Halafu, mkishaingia, ghafla hakuna anayekimbia popote. Dakika chache zile kati ya Kigamboni na Magogoni ndizo pekee mchana kutwa ambazo hakuna mtu anayeweza kunidai kitu. Upepo wa asubuhi, boti za wavuvi zinaingia Feri na samaki, mnara wa kanisa la Azania Front unaanza kupata jua. Nilisimama upande wa kulia, nikafungua picha.

Nikisafiri, mahesabu ya kwanza ni mepesi. Upande wangu una mashimo 16. Kete 15 zikitoka nyumbani zinazunguka yote, na ya mwisho inaangukia shimo la jirani, kushoto kwa nyumba. Pale palikuwa na kete, na mbele yake Mwalimu alikuwa na 5. Nakula 5! Nilipofika hapo pantoni likagusa ng'ambo, nikafunga simu nikiwa nimejaa furaha ambayo baadaye ilinigharimu.

Saa 2:00 asubuhi

Nilifungua fremu. Tuna vyerehani vitatu na ovaloki moja, nami nina msichana ninayemfundisha kazi, mwaka wa pili sasa. Jumamosi palikuwa na shughuli ya kichenpati, sare 14, kitenge cha bluu chenye ndege wa njano. Kumi zilikuwa tayari, zimebaki nne, na katika hizo nne mojawapo ni ya mama mzaa bibi harusi.

Kitenge cha maua madogo kinakusamehe. Kitenge cha ndege hakisamehi. Lazima ukitandaze chote mezani, uangalie vichwa vinaelekea wapi, ndipo ukunje, ndipo uweke patani, ndipo chaki. Kila ndege wa kifuani asimame, na yule wa kati asikatwe na zipu. Nawaambia wanaojifunza kwangu: mkono usishike mkasi kabla jicho halijamaliza kazi yake.

Mimi mwenyewe asubuhi ile jicho langu lilikuwa kwenye picha ya simu.

Saa 4:00 asubuhi

“Fundi, mbona hawa wanatazama chini?”

Msichana ndiye aliyeona. Kipande cha mbele cha gauni la mama mzazi, kimeshakatwa, ndege wote vichwa chini. Nilikaa. Kitenge cha wateja kinakuja kwa kipimo, yadi 6 kwa gauni na kilemba, hakuna cha ziada. Nilitoka mbio mpaka Mtaa wa Kongo, duka la kwanza hawana, la pili wana wa kijani, la nne wana wenyewe lakini bluu yake imeiva zaidi. Duka la sita mwenye duka akaniletea pisi mbili za mwisho kutoka stoo. Nililipa kutoka mfukoni, na ile fedha ilikuwa ya ada ya chekechea ya mdogo.

Sikumpigia Mwalimu. Nilijua angesema haidhuru, na mimi nilitaka inidhuru kidogo, maana kosa lilikuwa langu. Bao nalipenda. Lakini mama yule alipima nguo ile mbele yangu akasema hajawahi kushonewa gauni la shughuli maishani mwake, shughuli zote alikuwa jikoni akipika. Nguo kama hiyo haikatwi na mtu anayewaza kete. Niliweka simu kwenye droo, nikatandaza upya, nikakata. Nilipomaliza, ndege wa kati alikaa katikati ya kifua, bawa moja huku moja huku, na zipu mgongoni ikapita kati ya wawili bila kumgusa hata mmoja.

Saa 5 na kitu umeme ukakatika. Ovaloki ikalala, sisi tukahamia cherehani ya miguu.

Saa 7:30 mchana

Mama lishe alileta wali maharage na mchicha. Tulipokwisha kula na kuswali, umeme haujarudi, nikasema sasa huu ni muda wangu. Juu ya meza ya kukatia nilichora mashimo 32 kwa chaki, nikamwaga vifungo vya mashati, vyeupe vyangu, vyeusi vya Mwalimu, nikavipanga kama picha. Msichana akavuta kigoda. Hajui kucheza. Nikaanza kumweleza kichwa ni kipi, yaani shimo la ukingoni mwa safu ya mbele, na kete inavyolala ikiangukia shimo tupu.

Hili nalisema kwa uchungu: watoto wa kike hatufundishwi bao. Maskani ni ya baba na kaka, sisi tunapita pembeni na ndoo. Mimi nilifundishwa na babu mzaa mama, Bagamoyo, kwa sababu alikuwa amepooza mguu na wajukuu wa kiume walikuwa wote baharini, akabaki na mimi. Mwalimu alipokuja kuposa hakuambiwa. Aliniona nacheza na babu siku ya tatu ya harusi, akakaa chini na suti yake.

Nilianza kusambaza. Kete 15, mzunguko mzima, nikala 5 kama nilivyohesabu pantoni. Kabla sijaendelea, mzee mmoja mteja wangu, aliyekuja kuchukua kanzu, alikuwa amesimama mlangoni.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Ukisafiri utalala nyumbani kwako.”

Sikumwelewa. Akaingia, akanyoosha kidole, hakugusa kifungo hata kimoja. Zile 5 ulizokula unaanza kichwani, kushoto: moja, mbili, tatu, nne, tano. Ya tano ni pale ilipokuwa nyumba, na sasa pako tupu kwa kuwa umeshachota. Umelala. Umekula tano, umevunja nyumba, zamu ni ya mwenzako. Mimi nilikuwa na picha tangu alfajiri, yeye aliona kwa kusimama mlangoni.

“Na nikibaki?”

“Ukibaki una kumi na tano na hofu.” Akachukua kanzu yake, akalipa, akaondoka. Pindo sikuwa nimemmalizia sawasawa upande mmoja, nilimkimbilia nikamrudisha.

Hofu aliyoisema ni hii: Mwalimu akianza kula upande wake wa kushoto, mzunguko wa kwanza unaweza kudondosha kete mbele ya nyumba yangu, na mzunguko wa pili ukaishia papo hapo. Hapo anaikomba yote.

Saa 10:40 jioni

Ujumbe wa Mwalimu: “Mdogo niko naye uwanjani. Dada yake yuko kwa shangazi. Madaftari 43 sijagusa. Umeamua?”

Nikamjibu: “Mboga ipo?”

Umeme ulirudi saa 9, gauni la mama mzazi limebaki pindo tu, nikalikunja nikaondoka nalo nilimalizie nyumbani kwa mkono. Pantoni la jioni ni jingine kabisa, watu wamechoka na hakuna anayetazama bahari. Ng'ambo nilinunua vibua sita na bamia.

Saa 1:15 usiku

Niliwakuta baba na mwana wote na vumbi, Mwalimu anachechemea. Goti lile lile. Ana miaka 44 na kila Alhamisi namwambia acheze nyuma, kila Alhamisi anapanda mbele. Nikachemsha maji ya chumvi, akaweka kitambaa gotini huku anamsimamia binti jedwali la 6. Tuna chupa ya komwe za akiba, zile mbegu tunazochezea bao, ndizo anazomfundishia: sita sita kwenye vikombe, anahesabu, anachanganya, anahesabu tena. Mtoto aliikariri shuleni akasahau, nyumbani ameielewa kwa mikono. Nilisonga ugali nikimsikiliza. Sauti ile anayomsemesha mtoto anayekosea, taratibu, bila kuchoka, ndiyo iliyonifanya niolewe naye.

Nikamwambia kuhusu ndege na ada. Akanyamaza kidogo.

“Tutaongea na mwalimu wa chekechea, wiki moja atatuvumilia,” akasema. Halafu: “Picha usiende nayo tena kazini.”

“Siendi nayo.”

Saa 3:00 usiku

Watoto wamelala. Meza moja, taa moja. Yeye madaftari, mimi sindano. Pindo la shughuli napenda kulishika kwa mkono, hatua ndogo ndogo, uzi mmoja, usionekane nje. Hatukusemezana karibu saa nzima. Alipofika daftari la 30 alifunika kalamu.

Saa 4:10 usiku

Tuliushusha ubao. Komwe zikagongana mara moja, hakuna iliyoruka.

“Nabaki,” nikasema.

Alinitazama. Alikuwa na uhakika nitasafiri, nilimwona usoni. Akachukua kete moja kati ya 9 zake, akaishika vidoleni muda mrefu mpaka nikasikia saa ya ukutani. Akaiweka kushoto. Akala sita. Akasambaza, na mzunguko wa kwanza ukadondosha moja mbele ya nyumba yangu kama ilivyosemwa. Sikupumua. Akachota tena, mkono wake unapita mbele yangu, moja, moja, moja, na ya mwisho ikaishia safu ya nyuma, penye tupu.

“Imelala,” nikasema.

“Imelala.”

Sasa zamu yangu: 8 mkononi kwangu, 8 kwake, na kete moja yake imekaa peke yake mbele ya 15 zangu. Nikanyoosha mkono. Chumbani mdogo akaita mama, maji.

Niliporudi Mwalimu alikuwa ameegemea ukuta, kitambaa kimemteleza gotini, amesinzia. Nilimgusa bega. Akaamka, akashika upande wake wa ubao bila kuulizwa, mimi wangu, tukaupandisha. Nikafunika kanga. Simu nikaiacha sebuleni.