Mlima mmoja, miezi kumi na miwili

Mwishoni mwa mwaka 2023 chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Mwanza kiliniita nikipigie picha za kalenda. Kazi yangu ni harusi, komunyo, mahafali na pasipoti. Wao walitaka mandhari, picha kumi na mbili, na katibu akanionya mapema: "Kaka, usituletee Jiwe la Bismarck." Kila kalenda ya mji huu inalo jiwe hilo la ziwani. Nikajibu kwa kujiamini kwamba nitawapigia mlima mmoja tu, kutoka sehemu ileile, kila mwezi, waone unavyobadilika. Wakanipa nusu ya malipo. Nilikuwa nimeshafika kituo cha daladala ndipo nikajiuliza: mlima wa mawe hubadilikaje?

Tena kulikuwa na jambo la hesabu ambalo sikuliwaza. Kalenda ya 2025 lazima iwe kwenye mtambo wa kuchapa kabla ya Desemba 2024, kwa hiyo picha ya Desemba ilibidi ipatikane mwezi uleule tuliopatana, mvua za El Niño zikiwa zinamwagika.

Nilichagua mlima wa upande wa Igogo. Nilisimama kaskazini yake nikitazama kusini, ziwa likiwa mkono wa kulia. Mawe ya huku mnayajua: matale yaliyopandana kana kwamba kuna mtu aliyapanga akaitwa kula kabla hajamaliza, na katikati yake nyumba za watu hadi juu. Ndiyo maana kazi ya kwanza haikuwa ya kamera. Huwezi kuelekeza lenzi kwenye makazi ya watu saa kumi na mbili alfajiri halafu ukaachwa salama. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akataka barua, chama kikaandika barua. Baada ya hapo watoto wa mtaa ndio waliokuwa wakinibebea stendi.

Miguu mitatu ya stendi niliiwekea alama juu ya jiwe kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nukta tatu nyekundu. (Ilidumu mvua zote. Rangi ya mafuta niliyoanza nayo ilibanduka wiki mbili tu.) Ili fremu isihame, nilichapa picha ya kwanza nikawa natembea nayo: jiwe moja kubwa lenye umbo la kofia ya pama, ukingo wake wa kushoto ugusane na kona ya simtanki la nyumba ya chini yake. Vikigusana, niko sawa. Lenzi nayo ilikuwa ileile, milimita 35, sikuibadilisha hata siku moja.

Desemba ilinivunja moyo. Hewa ilikuwa safi kama kioo kilichofutwa, ungeweza kuhesabu misumari kwenye mabati, lakini uso wa mlima ulikuwa mweusi kutwa nzima. Januari vilevile. Nilidhani ni kamera, nikaongeza mwanga, mawingu yakaungua yakawa meupe matupu na mawe yakabaki bila uhai. Februari nikaona ajabu nyingine: nilifika kwa saa niliyoizoea, nikakaa gizani nikisubiri. Jua lilichomoza karibu saa moja kamili. Sisi wa huku husema jua letu halina tofauti, mwaka mzima linatoka saa ileile. Si kweli. Mwanzoni mwa Novemba hutoka yapata saa kumi na mbili na nusu. Kati ya hapo na Februari kuna nusu saa nzima, na mtu wa picha akipoteza nusu saa ya alfajiri amepoteza siku.

Jibu la giza la Desemba nililipata kwa kutazama kivuli cha stendi yangu. Desemba jua liko kusini yetu, kwa hiyo uso wa kaskazini wa mlima, huo niliokuwa naupiga, haulioni. Katikati ya Machi hupita utosini. Kuanzia hapo linahamia kaskazini na linabaki huko hadi mwisho wa Septemba. Yaani mlima wangu ulikuwa umenipa mgongo miezi mitatu nami nikamlaumu fundi aliyeniuzia kamera.

Basi nikasema, Juni ndiyo yenyewe. Juni ikafika, mwanga ukapiga uso wa mlima kuanzia asubuhi hadi jioni, mawe yakawa na rangi ya waridi iliyochanganyika na majivu. Lakini hewa! Kiangazi watu wanachoma majani, vumbi linapanda, na ng'ambo ya ghuba ikawa kama imechorwa kwa penseli kisha ikafutwa na kiganja. Mwanga mzuri ulikuja na hewa mbaya. Hewa nzuri ilikuja na mwanga mbaya. Niliwaza kurudisha fedha za watu.

Kilichoniokoa kilikuwa kwenye kompyuta tayari: picha za Aprili na Mei, ambazo nilizipiga nikinung'unika kwa sababu ya mvua. Aprili jua limeshavuka kuja kaskazini na masika bado inaosha hewa. Kuna kama wiki tano hivi ambazo vyote viwili vinakutana, na mimi nilizitumia kujikinga chini ya bati la duka la mtu! Mei ile ziwa lenyewe lilikuwa limejaa kupita kawaida, maji yameingia mahali ambapo mwaka uliotangulia watu walikuwa wakianika dagaa, na kwenye picha ukingo mzima wa mkono wa kulia ni maji yanayong'aa penye mchanga niliokuwa nimeuzoea. Sikukusudia hata kidogo.

Mvua nayo nilijifunza kuisoma kidogo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, na huko ndiko mawingu yanakojengeka. Radi za saa tisa usiku unazoziona upande wa ziwa ni hizo. Alfajiri mara nyingi wingu bado liko pale. Kwa hiyo nikiona umeme ziwani usiku, naweka saa iniamshe. Ile robo saa ya mvua kukatika, jua likipenya chini ya wingu, mawe yaliyolowa yanang'aa kama migongo ya viboko. Nilikuwa nimenunua filta ya kuondoa mng'ao kwa fedha ambayo siisemi nyumbani. Niliifunga siku ya kwanza, mng'ao ukaondoka, na picha ikaondoka nao. Iko kwenye droo.

Mambo mawili ya kamera ambayo ningependa kuambiwa mapema. La kwanza, zima ule mpangilio wa rangi wa kujiendesha. Kamera ikiona alfajiri ya waridi inadhani imekosea, inaisahihisha, na miezi yako yote inafanana. Mimi niliifunga kwenye alama ya jua, basi, mwaka mzima. La pili, kamera inataka kila kitu kiwe kijivu. Mawe meusi yaliyolowa inayafanya meupe. Ukungu inaufanya kama moshi wa jiko. Kwenye mawe nilipunguza mwanga hatua moja, kwenye ukungu nikaongeza hatua moja.

Unyevu ulinipata Aprili, lenzi ikajaa mvuke kwa ndani baada ya kukaa usiku kwenye begi lililolowa. Niliitia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, siku tatu, ikapona.

Agosti nilichoka na vumbi nikapiga usiku. Mzee mmoja wa soko la samaki la Mwaloni aliniambia nisihangaike kwenye mbalamwezi, "wavuvi wa dagaa hawatoki, mwanangu, taa itamvuta nani mwezi ukiwaka?" Nikangoja giza la mwanzo wa mwezi. Sekunde 20, stendi imebanwa kwa mawe, mlima mweusi kushoto na taa za mitumbwi zimetapakaa majini kama mji wa pili. Hiyo ndiyo picha pekee ambayo katibu hakuuliza kitu.

Septemba nilifika baada ya manyunyu ya kwanza, nimefurahi, hewa imerudi na jua bado liko upande wangu. Nikatoa picha yangu ya kulinganishia. Simtanki lipo. Kofia haipo. Nilisogeza stendi kushoto, kulia, nikahesabu nukta zangu za rangi ya kucha, ziko palepale. Nikapanda. Pale lilipokuwa jiwe palikuwa na majivu ya magurudumu yaliyochomwa, maana wanalipasha moto kwanza ndipo lipasuke, na mama mmoja ameketi chini ya mwavuli na nyundo, pembeni ana lundo la kokoto.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Ni wewe wa kamera?"

Nikamwonyesha picha ya Desemba. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu kuliko mteja yeyote niliyewahi kumhudumia, akaweka kidole juu ya Kofia.

"Kumbe lilikuwa zuri," akasema. Kisha akapiga hesabu kwa vidole. "Hili lilitoa kenta nne, na nusu."

Nilimwachia ile picha. Ya Septemba niliipiga hivyohivyo, na Oktoba na Novemba nikalinganisha kwa kutumia simtanki peke yake.