Stendi Chini ya Kitanda

Mjomba aliponikabidhi pikipiki yake, Honda CB550 ya mwaka 1976, aliniachia agizo moja tu: "Mjomba, hiyo stendi kubwa usiiguse."

Wiki haikwisha, nikaigusa.

Kisingizio nilikuwa nacho. Stendi hiyo ya katikati huinua gurudumu la nyuma pikipiki ikiegeshwa, lakini nikilala kona kidogo tu, chuma chake kinakwaruza lami. Lakini kusema kweli ilikuwa tamaa ya urembo. Nilizing'oa bomba zake nne za moshi nikafunga ekzosi moja badala yake, na stendi ikawa haina pa kukaa. Nikaifungua, nikaisukumia chini ya kitanda pamoja na springi yake. Pikipiki ikatoka na kiuno, hata mimi mwenyewe niligeuka kuitazama.

Usumbufu ulianza polepole. Kijiti cha oili cha injini ile husomwa pikipiki ikiwa wima. Ikiegemea stendi ya pembeni kinadanganya. Cheni nayo nilikuwa naipaka mafuta kipande, nasukuma hatua, napaka kipande kingine, kama mtu anayepima kiwanja.

Halafu usiku mmoja taili la nyuma likanywa msumari. Gurudumu la spoku, tyubu ndani, kwa hiyo hakuna njia ya mkato: lazima litoke lote. Tyubu ya akiba ninayo, pampu ninayo, spana ninazo. Pa kuisimamishia pikipiki ndipo sina. Nikatafuta mawe mawili, nikayapachika chini ya fremu upande wa kulia, stendi ndogo ikashika kushoto. Nikafungua fimbo ya breki, nikalegeza cheni, nikaanza kuvuta ekseli. Ilipofika nusu, jiwe moja likateleza.

Ililala upande wa kulia, juu ya ekzosi yangu mpya. Petroli ikaanza kudondoka kwenye kifuniko cha tangi, tone baada ya tone, sentimita chache kutoka kwenye injini ambayo bado ilikuwa ya moto. Mpaka leo harufu ile ikinipata ghafla, tumbo linanikata.

Sijui nguvu ya kuiinua niliitoa wapi. Mpita njia mmoja akaja akanishikia usukani, tukaweka mawe upya, naye akabaki ameikumbatia pikipiki muda wote nikihangaika na tyubu.

"Kwani haina stendi kubwa?" aliniuliza.

"Inayo."

"Iko wapi?"

"Chini ya kitanda."

Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kesho yake nilizirudisha bomba nne. Springi ndiyo iliyonitoa jasho, maana ni ngumu na haivutiki kwa mkono. Niliibana kwenye jiliwa, nikaipinda huku na huku nikichomeka sarafu katikati ya pete zake mpaka ikarefuka, kisha nikaitundika kwenye ndoano zake. Nilipoikanyaga stendi ikashuka, sarafu zikamwagika sakafuni.

Mjomba alikuja jioni. Hakuuliza kitu. Aliweka mguu kwenye kikanyagio cha stendi, akakiegemea kwa uzito wake wote, na ile pikipiki ya karibu kilo 200 ikapanda yenyewe bila yeye kuvuta chochote. Akalizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole kimoja, akainama kusikiliza.

"Cheni imelegea," akasema, akanyoosha mkono nimpe spana.