Vitufe Viwili Vilivyogandana

Jumatatu nilipigiwa simu na mama mmoja ambaye ni katibu wa kikundi cha wanawake wa Bagamoyo wanaosuka na kuuza mikeka ya ukili. Duka lao la mtandaoni nililitengeneza mimi. Baada ya kuitikia shikamoo yangu alisema, "Mwanangu, mdogo wangu wa Ilala amechagua mikeka minne, amebonyeza Lipa, vyote vimefutika. Amerudia mara tatu." Nilifungua ukurasa ule kwenye simu yangu ya Android nikauona uko sawa, kitufe cha Lipa na cha Futa vikiwa na nafasi ya kutosha kati yao, nikamjibu kwamba huenda mtandao ulikuwa unasumbua.

Jibu lile limenikera wiki nzima. Sikuwa na ushahidi wowote kuhusu mtandao. Nilichokuwa nacho ni simu moja tu, yangu, na neno la mteja aliyekuwa ameona jambo kwa macho yake mara tatu.

Jioni ilikuja picha ya skrini kwa WhatsApp. Vitufe viwili vilikuwa vimegandana, ukingo kwa ukingo, hata uzi usingepita kati yake, na kwenye kioo kidogo kama kile kidole gumba hufunika mpaka wenyewe. Nilimshauri mteja yule wa Ilala apakue kivinjari cha Chrome ajaribu tena. Akapakua, akajaribu, hali ikawa ile ile. Hapo ndipo nilipopaswa kukumbuka jambo ninalolijua siku zote: simu yake ilikuwa iPhone, na katika iPhone hizo kila kivinjari, liwe jina lake lolote, huchora kurasa kwa injini ya WebKit iliyomo ndani ya mfumo wa simu. Nilikuwa nimemtumia mteja megabaiti zake ili abadilishe jina la kivinjari tu.

Jumatano nilikwenda Ilala. Dada yule alinikaribisha sebuleni, akaniachia simu yake, iPhone 6 aliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Kukagua ukurasa ulio ndani ya Safari, kivinjari cha iPhone, kwa zana zake rasmi kunahitaji kompyuta ya Mac, nami sina, kwa hiyo nilitumia njia ya zamani: nilikizungushia kila kisanduku mstari wa rangi, chekundu kwa fomu, kijani kwa safu ya vitufe, bluu kwa vitufe vyenyewe, kisha nikaupakia upya ukurasa baada ya kila badiliko. Pambizo zote zilitii. Ukubwa wa herufi ulitii. Kitu kimoja tu hakikuwapo, nacho ni nafasi niliyoiagiza kwa `gap`, agizo la kutenganisha vitu, ndani ya mpangilio wa fleksi, ule unaopanga vitu kwa mstari.

Firefox iliikubali `gap` katika fleksi mwaka 2018 kwa toleo la 63, Chrome ikafuata mwaka 2020 kwa toleo la 84, na Safari ikaja mwisho, toleo la 14.1, Aprili 2021. iPhone 6 haipandi zaidi ya mfumo wa iOS 12, ambao Safari yake ni ya zamani kuliko hiyo. Kwa hiyo kumwambia mwenye simu ile "sasisha tu" ni kumwambia anunue simu nyingine, na simu za aina ile bado zinapita mikono mingi mjini kwetu.

Nilidhani basi nitamaliza kwa dakika kumi: nimuulize kivinjari kwa `@supports` kama anaijua `gap`, na asipoijua nimpe pambizo za kawaida. Nikaandika, nikapakia, vitufe vikabaki vimegandana. Sababu yake niliielewa nikiwa kwenye daladala ya kurudi nyumbani. Safari ya iOS 12 inaijua `gap`, lakini katika mpangilio wa gridi, ule wa mistari na safu, peke yake. Swali la `@supports` huuliza kama tamko linatambulika, wala haliulizi linatambulika ndani ya mpangilio upi, hivyo kivinjari kilijibu ndiyo kwa ukweli kabisa, na jibu hilo la kweli halikunifaa kitu.

Nilipoanza kazi hii tulipambana na Internet Explorer 6, kivinjari cha zamani cha Microsoft, iliyozidisha mara mbili pambizo ya kisanduku kilichoelea (float) upande ule ule wa pambizo. Ilitusumbua sana, lakini kosa lile lilikuwa na jina, kila mtu alilijua, na dawa yake, kuandika `display: inline`, ilijulikana. Naliogopa zaidi hili la sasa kwa sababu ni la kimya. Kivinjari kikikutana na agizo kisiloweza kulitekeleza hulipita bila kulalamika, na mtu wa kwanza kujua ni yule anayepoteza mikeka yake minne.

Dawa niliyoitumia ni ya kizamani: kila kitufe kinachotanguliwa na kingine kimepewa pambizo ya kushoto, na kwa kadi za bidhaa, ambazo hujikunja mistari miwili au mitatu, nimeweka nusu ya nafasi pande zote za kila kadi kisha nikaipa safu nzima pambizo hasi ya kiasi hicho hicho. Futa nimeihamishia juu kabisa ya fomu, mbali na Lipa, nayo sasa huuliza kwanza kabla ya kufuta. Hilo lilipaswa kuwapo tangu siku ya kwanza, hata kama vivinjari vyote vya dunia vingechora sawasawa.

Ijumaa dada alilipia mikeka yake. Nilimpigia katibu kumwomba radhi kwa jibu langu la Jumatatu, akasema yamekwisha. Usiku huu ninapitia tovuti nyingine nilizozitengeneza tangu mwaka 2021, nikitafuta `gap` katika kila faili. Nimeshazipata tatu, na moja ni ya zahanati, kwenye fomu ya kuchagua siku ya kliniki.